RAMANI NA SAA: Jinsi Tulivyoshindwa Tanga kwa Mara ya Pili



Mhariri aliponitaka nimletee makala ya historia kwa ajili ya toleo hili, naamini alitazamia habari za majengo ya zamani ya shule yetu, au za walimu wakuu waliotangulia. Nimemwomba radhi, naye akaniruhusu niandike juu ya jambo ambalo bado linaniuma, yaani jinsi nilivyowapotezea wanafunzi wa zamani kikombe katika mashindano ya mchezo wa vita siku ya mkutano wetu wa mwaka jana. Waliokuwapo bwaloni alasiri ile wameshanicheka vya kutosha. Wasiokuwapo nao wana haki ya kucheka, lakini nawaomba wanisikilize kwanza, kwa sababu ndani ya aibu hiyo mna historia ya kweli ya nchi yetu, ambayo nadhani wengi wetu tulifundishwa nusu nusu.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe. Chama cha Historia cha wanafunzi kilikuwa kimechora ramani kubwa tatu juu ya mbao laini: Tanga 1914, Longido 1914 na Mahiwa 1917. Kila moja ilikuwa na upana wa meza mbili za bwalo. Vikosi vilikuwa vipande vya mbao vilivyopakwa rangi. Mwamuzi alikuwa mwalimu wetu wa zamani wa historia, ambaye sasa amestaafu, na mbele yake palikuwa na saa ya mezani yenye kengele. Timu nne zilishindana asubuhi, mbili zikatolewa, na baada ya chakula cha mchana tukabaki sisi wakongwe na vijana wa Kidato cha Tano.

Kuna waliouliza kama haya si mambo ya kitoto. La hasha. Mchezo wa vita wa juu ya ramani ulianza kama kazi ya watu wazima tena wazito. Mwaka 1824 luteni mmoja wa mizinga wa Prussia, jina lake Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo uliochezwa juu ya ramani za kipimo cha 1:8,000. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita, na mwamuzi ndiye aliyejua kila kitu, wachezaji wakijua yale tu ambayo kamanda wa kweli angeyaona. Mkuu wa makamanda wa Prussia alipoonyeshwa alipendezwa mno, akataka mchezo huo uenezwe katika vikosi vyote. Karibu miaka tisini baadaye, mwaka 1913, mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars kwa ajili ya watu wa kawaida wanaocheza nyumbani na askari wa bati.

Katika kanuni za Wells mna mambo mawili ambayo vijana wetu waliyachukua. La kwanza ni kwamba mchezaji mmoja, akichaguliwa kwa kurusha sarafu, ndiye anayepanga nchi, yaani vilima, nyumba na miti. Kisha yule mwingine ndiye anayechagua upande atakaopigania. Ni busara ile ile ya mama anayemwambia mtoto mmoja akate muhogo na mwingine achague kipande. La pili ni saa. Wells aliweka dakika moja kwa kila askari thelathini na dakika moja kwa kila mzinga, hata akakadiria kuwa mtu mwenye askari 110 na mizinga mitatu anatoshwa na dakika saba. Mtunza saa akiita kuwa muda umekwisha, mchezaji lazima asimame papo hapo, na askari ambaye hajasogezwa anabaki alipo.

Sisi tulirahisisha. Aliyeshinda sarafu alichagua ramani moja kati ya zile tatu, na mpinzani akachagua upande. Kila zamu ilikuwa sawa na saa mbili za vita na dakika tatu za mezani kwa kila upande. Zamu zote zilikuwa thelathini.

Sarafu ikaniangukia mimi. Sikufikiri hata kidogo, nikasema, "Tanga."

Mwenzangu katika timu alikuwa mtu niliyelala naye bweni moja miaka minne, ambaye leo anafanya biashara ya mbao. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Nikamwambia kazi yangu serikalini ni ya ramani na upimaji, na karatasi ya Tanga naijua kama kiganja changu. Isitoshe, hesabu ilikuwa rahisi: Waingereza walikuwa kiasi cha 8,000, na Wajerumani hata mwisho wa mapigano hawakuzidi sana 1,000. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba vijana watachukua upande wenye watu wengi, nasi tutawaonyesha jinsi ya kulinda mji. Na kama watachukua Wajerumani, basi tutawafunika kwa wingi wetu. Ama hili ama lile, tulikuwa tumeshinda.

Nahodha wao, kijana mwembamba mwenye miwani, aliinama juu ya ramani muda mrefu. Hakutazama mji wala bandari. Alifuata kwa kidole mstari mweusi unaotoka Tanga kwenda kaskazini-magharibi hadi ukingoni mwa ubao. Kisha akasimama wima na kusema, "Tutachukua reli, Mwalimu."

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Aliandika daftarini mwake kwamba Kidato cha Tano ni Wajerumani.

Hapa inanipasa niache meza yetu kidogo niende kwenye vita vyenyewe, kwa sababu kijana yule alikuwa ameona kitu ambacho Meja Jenerali Aitken hakukiona.

Jeshi la Aitken liliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba 1914 katika meli kumi na nne za kuchukua askari. Lilifika Mombasa tarehe 31 Oktoba. Maofisa waliokuwa Afrika Mashariki walimtolea Aitken askari wa King's African Rifles, waliojua nchi na kumjua adui, wamsaidie kuteremka. Akakataa, aliona watu wake wanatosha. Mpango ulikuwa kuipiga Tanga kutoka baharini, wakati jeshi jingine linaipiga Longido kutoka upande wa Kenya, ili Wajerumani wabanwe kwenye ncha zote mbili za reli ya Usambara. Juu ya karatasi ulikuwa mpango mzuri. Reli ile ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911, urefu wake kiasi cha kilomita 350, na huko Moshi ndiko Lettow-Vorbeck alikokuwa amekusanya sehemu kubwa ya jeshi lake. Pale Tanga penyewe hapakuwa na ulinzi wa maana.

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox ilitangulia peke yake kuingia Tanga. Tangu Agosti palikuwa na maafikiano ya kutopigana katika bandari, ingawa serikali ya Uingereza haikuyathibitisha. Kwa hiyo nahodha wa Fox, Caulfeild, alimwita bwana shauri wa Kijerumani, Dokta Auracher, akamwarifu kwamba maafikiano yamekwisha, akampa saa moja ausalimishe mji. Auracher akaomba kwenda kushauriana na wenziwe. Hakurudi. Alivaa sare yake ya kijeshi, na habari zikapelekwa Moshi. Caulfeild naye aliogopa kuwa bandari imetegwa mabomu ya majini, akaanza kuyatafuta. Hapakuwa na bomu hata moja.

Basi mchana mzima ukapita. Askari wa kwanza walianza kuteremka usiku, tena si bandarini bali Ras Kasone, mashariki ya mji, penye mikoko na jabali la kupanda. Alfajiri ya tarehe 3 vikosi viwili vilijaribu kuingia mjini vikarudishwa nyuma na Wajerumani wachache, ambao kufikia wakati huo walikuwa wamepata msaada wa kwanza kwa garimoshi. Siku hiyo nayo ikaliwa na kazi ya kuteremsha watu na mizigo. Usiku wake Lettow mwenyewe akafika. Akapanda baiskeli na maofisa wawili, akapita katika mji uliokuwa mtupu hadi ufukweni, akaziona meli za Waingereza zikiwa zimewaka taa. Shambulio kubwa la Aitken lilianza karibu na adhuhuri ya tarehe 4, jua la utosi, kwa askari waliokuwa wamekaa melini majuma kadhaa. Zilikuwa zimepita zaidi ya saa hamsini tangu Fox ibishe hodi.

Yaliyofuata wengi wanayajua. Baadhi ya askari, wakiwamo wa kikosi cha Kiingereza cha North Lancashire na wale wa Kashmir, waliingia mjini kweli wakapigana nyumba kwa nyumba. Upande wa kusini wa mstari wao ulivunjika, Wajerumani wakauzunguka. Usiku Wajerumani nao, kwa kosa la mbiu ya tarumbeta, walitoka mjini wakaenda magharibi, hata Tanga ikawa haina mwenyewe kwa saa kadhaa, na Waingereza wasijue. Tarehe 5 walirudi melini wakaacha mamia ya bunduki na malaki ya risasi ufukweni. Upande wao waliouawa na kujeruhiwa walipita 800. Upande wa pili hawakufika 150. Tanga haikuchukuliwa mpaka Julai 1916.

Sisi tulipokuwa shule tulifundishwa kwamba nyuki ndio walioshinda vita vya Tanga. Ni kweli nyuki walikuwapo. Risasi zilipasua mizinga yao iliyokuwa mitini, wakatoka wakawauma watu wa pande zote mbili. Ni hadithi tamu, nami niliisimulia kwa furaha miaka mingi. Lakini nyuki walitoka tarehe 4 mchana, na mimi nasema kuwa kufikia mchana huo mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Wengine waliwalaumu askari wa Kihindi, na lawama hiyo naiona kuwa si haki kabisa. Mtu hawezi kufungiwa melini majuma mawili na zaidi, akapandishwa jabali usiku, akangojeshwa, akaamrishwa kushambulia adhuhuri bila kuambiwa kilichoko mbele, kisha likatafutwa kosa katika kabila lake.

Sasa turudi mezani. Haya yote niliyoandika nilikuwa nayajua siku ile. Hapo ndipo penye uchungu.

Mwalimu alisoma masharti. Wajerumani waanze na kombania moja. Mara Waingereza watakapoonekana, simu ipigwe Moshi; kombania ya kwanza ifike zamu ya kumi na moja baada ya hapo, na nyingine kila baada ya zamu moja, hadi ziwe tisa. Waingereza wanaweza kuteremka bandarini, au Ras Kasone, au ghuba ya Manza iliyo kaskazini. Kuhusu mabomu ya bandarini, Mwalimu aliinua bahasha iliyofungwa. Alikuwa ameokota moja kati ya karatasi mbili bila kuangalia. "Msitegemee kitabu," alisema. "Humu ndani yanaweza kuwamo." Tungeweza kutumia zamu nne kuyatafuta, au kuingia hivyo hivyo na kubahatisha meli zetu.

Mwenzangu alitaka tuingie bandarini zamu ya kwanza, bila ilani na bila kutafuta kitu. "Wao wana kombania moja," alisema. "Meli mbili zikizama, bado tuna kumi na mbili."

Nilimkatalia. Nilimwambia kuwa huo ni uchezaji wa kamari. Ras Kasone nayo niliikataa, kwa sababu ndipo Aitken alipoharibikiwa, na sikutaka vijana waseme kuwa mzee huyu amesoma historia asijifunze kitu. Nikachagua Manza. Ghuba ile ina maji mazuri na imejificha; hata mwaka 1915 meli ya Kijerumani iliyoleta silaha kwa siri ilikimbilia humo humo. Nilijiona mjanja.

Kuihamishia misafara Manza, kushusha maboti, kupanga brigedi mbili ufukweni, hayo yalikula zamu saba. Dakika zangu tatu zilikwisha mara mbili kabla sijamaliza kusogeza vipande, kwa kuwa nilitaka kila kikosi kikae mahali pake sawasawa, kama ramani ya viwanja. Kengele ikalia, mwenzangu akanitazama. Vijana wao walikuwa na kombania moja tu ya kusogeza. Waliisogeza kwa sekunde kumi, kisha wakakaa wakala karanga.

Mbele yetu palikuwa na mwendo wa kutwa nzima kwa askari wenye mizigo, na mto Zigi katikati. Nahodha wa Kidato cha Tano hakuja kutupiga. Aliweka kombania ile kwenye kivuko, akatuchelewesha zamu mbili, akarudi nyuma, akatuchelewesha tena. Zamu ya kumi na moja Mwalimu aliweka kipande kipya kwenye stesheni ya Tanga. Zamu ya kumi na tatu akaweka kingine. Kila kipande kilipogonga ubao nilikisikia tumboni. Tulifika mbele ya mji zamu ya ishirini na moja, nusu ya watu wetu wakiwa bado njiani, na kijana yule alikuwa na kombania saba. Tulishambulia zamu ya ishirini na tatu. Ubavu wetu wa kusini ukavunjika, pale pale ambapo ule wa Aitken ulivunjika, ijapokuwa tulikuwa tumetoka upande mwingine kabisa. Zamu ya thelathini bendera ya mji ilikuwa bado yao.

Katika kanuni zao palikuwa na dadu la nyuki. Halikurushwa hata mara moja.

Mwalimu alipotangaza matokeo, vijana walipiga kelele hadi wapishi wakatoka jikoni. Nahodha wao akaja kunipa mkono, akasema, "Shikamoo, kaka. Samahani." Nikamwuliza kwa nini alichagua upande wenye watu wachache. Alijibu kwamba hakuhesabu watu, alihesabu zamu. Aliona kuwa tukichelewa zamu kumi, wingi wetu hautakuwa na kazi, na aliamini kuwa watu wazima watachelewa. Sikupendezwa na maneno hayo ya mwisho, lakini sikuwa na la kumjibu.

Kisha Mwalimu akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi yenye neno moja: HAKUNA.

Mwenzangu hakusema kitu. Afadhali angenitukana.

Kabla hatujatoka bwaloni, mtoto mmoja wa Kidato cha Pili, aliyekuwa akitazama tu, alimwuliza Mwalimu wenyeji wa Tanga wamewekwa wapi katika ramani, maana ameona nyumba lakini hakuona vipande vya watu. Mwalimu alimjibu kuwa wakati wa mapigano wengi walikuwa wameshaukimbia mji. Yule mtoto akauliza tena, "Na wapagazi?" Hapo Mwalimu alinyamaza kidogo, akasema kuwa mwaka ujao ramani itachorwa upya. Nami nalitilia maanani swali hilo. Askari waliokufa kwa ajili ya Mjerumani pale Tanga wengi wao walikuwa Waafrika, na waliokufa kwa ajili ya Mwingereza wengi wao walikuwa Wahindi. Kabla vita hivyo havijakwisha mwaka 1918, watu wetu walikuwa wamechukuliwa kwa malaki kubeba mizigo ya majeshi yote. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni masalio ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Hao wote hakuna aliyewauliza wapi wala lini.

Miezi mitatu baadaye kazi ilinipeleka Tanga. Nilimpigia mwenzangu simu, kwa kuwa naye alikuwa na mbao zake za kupokea huko. Jumapili asubuhi tulikwenda Ras Kasone, tukashuka hadi ufukweni penye mikoko. Halafu tukaanza kutembea kwa miguu kuelekea stesheni ya reli, watu wawili wenye vitambi, bila haraka, tukisimama hapa na pale kutazama nyumba za zamani. Tulipofika mbele ya stesheni mwenzangu aliitazama saa yake. Haikuwa imetimia saa moja.

Alinigeuzia mkono ili nami niione. Kisha akavuka barabara akanunua madafu mawili, na langu akalilipia yeye.